Agizo la mdomo

Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza mbili, kabati la chuma la kuhifadhia majalada na kalenda ya halmashauri iliyobandikwa kando ya dirisha. Mwanafunzi wangu alikaa kwenye meza ya pili, akiwa amenifungulia daftari lake la mafunzo kwa vitendo ili nilikague na kulitia saini. Ndivyo msimu wa fildi ulivyo: mwalimu mmoja wa chuo hupangiwa wilaya nzima, huzunguka kata kwa kata, na kila mwanafunzi hupata nusu saa yake, ikizidi sana saa moja.

Nilisoma alivyoandika wiki ile. Jumatatu, kupokea wananchi na kuandika barua za utambulisho. Jumanne, kupanga majalada. Jumatano aliandika "Kuandaa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji", akaacha mistari miwili mitupu, kisha akaendelea na Alhamisi. Kijana huyu hana tabia ya kuacha nafasi. Katika mitihani huomba karatasi ya nyongeza kabla ya wenzake kufika nusu. Nilimwuliza ni nini kilichokosekana pale. Alimtazama mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa mlangoni akizungumza na mzee mmoja kuhusu mpaka wa shamba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba nikusindikize hadi kwenye gari."

Njiani akanieleza. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umeitishwa, watu wakaja wachache, akidi haikutimia, mwenyekiti akauahirisha. Siku chache baadaye mtendaji alimwita, akamkabidhi orodha ya mahudhurio ya mkutano uliotangulia, akamwambia aandike muhtasari wenye tarehe ya ule ulioahirishwa, aorodheshe majina yale yale, na aoneshe kwamba taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa na wananchi wakaipokea. Robo ya mwaka ilikuwa inaelekea kwisha, na halmashauri ilikuwa inadai mihtasari ya vijiji vyote. Hapakuwa na barua wala ujumbe wa simu. Yalikuwa maneno ya mdomo, yaliyosemwa kwa upole na mtu anayemlea kazini, na ambaye ndiye atakayemjazia fomu ya tathmini.

"Mwalimu, mkubwa wako wa kazi akikuagiza kwa mdomo uandike jambo ambalo halikutokea, unaandika nini?"

Nilimrejesha kwenye kanuni za maadili ya utumishi wa umma, nikamweleza zinavyosema kuhusu uadilifu na kuheshimu sheria. Alinisikiliza kwa heshima hadi nikamaliza.

"Hizo nazijua, mwalimu. Tulizifanyia mtihani."

Ni kweli alizijua. Mtihani ule niliusahihisha mimi mwenyewe, na alikuwa amezitaja zote kwa mpangilio wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tunawaandaa vijana hawa kwa kazi ipi hasa.

Kinachobebwa na muhtasari

Kwa mtu asiyezijua ofisi za vijiji, jambo hili linaweza kuonekana dogo: karatasi moja, kikao kimoja, taarifa ambayo huenda ingesomwa tu mkutano ungefanyika. Mtendaji yule simwoni kuwa mwizi. Namwona kama mtu aliyebanwa na tarehe, ambaye kijiji chake kitatajwa kwenye kikao cha halmashauri kikionekana kimechelewa, na ambaye hana fungu la kuwafuata watu mashambani wakati wa mavuno kuwaomba waje mkutanoni.

Hata hivyo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kubwa kuliko unavyoonekana. Sheria za serikali za mitaa zinautambua mkutano huo kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kabisa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu. Na idhini hiyo inajulikanaje kuwa ilitolewa? Inajulikana kwa muhtasari na orodha ya majina iliyoambatishwa. Mwombaji wa ardhi akitokea, karatasi hizo mbili ndizo zinazosafiri kwenda wilayani. Wanakijiji wakija kulalamika baadaye kwamba hawakuulizwa, huoneshwa majina yao.

Kijana aliyejifunza kuandika kikao ambacho hakikufanyika kwa ajili ya taarifa ya mapato tayari anajua namna ya kukiandika kwa ajili ya eka mia tano. Mbinu ni ile ile, na orodha ya mahudhurio ya kunakili majina ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya pili atakayemwomba huenda asiwe amebanwa na tarehe.

Hili ndilo lililonifanya nisilione swali lake kuwa la mwanafunzi anayetafuta faraja. Aliuliza swali lililo katikati ya kazi yenyewe. Tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, lile ambalo wanafunzi wetu hulisambaza kila linapotoka, huorodhesha miongoni mwa majukumu kuwa katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji, na kusimamia, kukusanya na kuhifadhi kumbukumbu zote na nyaraka za kijiji. Yaani mtu huyu anaajiriwa, pamoja na mengine, ili kijiji kiwe na kumbukumbu ya kweli ya mambo yake.

Kanuni nane

Kanuni za maadili ya utendaji katika utumishi wa umma zilizotolewa mwaka 2005 zina mambo manane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa. Ni kanuni nzuri na ninazifundisha kwa moyo wote.

Zikiwa ubaoni, zinaonekana kukaa pamoja kwa amani. Zikifika kwenye ile meza ya pili, zinavutana. Kijana anasikia utii ukimwambia aandike, na sheria ikimwambia asiandike. Mwalimu anaweza kusema, na mimi nimewahi kusema mara nyingi, kwamba utii kwa Serikali si utii kwa mtu fulani aliyekaa kiti cha mbele, na kwamba agizo lisilo halali si agizo la Serikali. Hoja hiyo ni sahihi kabisa. Lakini mtu anayeamkiwa shikamoo kila asubuhi, anayemgawia kijana chai yake ya saa nne na kumwelekeza kazi kwa subira, kwa kijana wa miaka ishirini na mbili ndiye Serikali. Hajaona nyingine.

Pana jambo lingine ambalo hatulizungumzi sana vyuoni. Tumewalea watoto wetu wasibishane na wakubwa. Ninaamini malezi hayo yana heri nyingi, na sitaki yapotee. Ila tunampeleka kijana huyo huyo kwenye ofisi ambako siku moja uaminifu wake kwa wananchi utamtaka amwambie mkubwa wake kwamba jambo hili haliwezekani, nasi hatujawahi kumfundisha jinsi ya kulisema bila kuvunja heshima. Kwa hiyo anaona njia mbili tu: kunyamaza na kuandika, au kupaza sauti na kuonekana mtovu wa nidhamu. Wengi wao, na siwalaumu, huchagua ya kwanza.

Maandalizi yanayoishia kwenye usaili

Ukikaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mazungumzo yao yote ni Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa kazi za serikali. Wanajua kusajili taarifa zao kwenye mfumo wa maombi, wanajua mtihani wa mchujo ulivyo, wanajua mahojiano yanavyoendeshwa na maana ya kuwekwa kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Maswali ya usaili wa miaka iliyopita huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nasi walimu tumewafuata huko huko: tunaandaa semina za kuandika wasifu, za mavazi, za namna ya kujieleza mbele ya jopo, na chuo hujisifu kwa idadi ya wahitimu walioitwa kazini.

Siupingi utaratibu huo wa ajira. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa mwaka 2007, iliunda Sekretarieti hiyo ili nafasi zishindaniwe kwa sifa, na mtoto wa mkulima asiye na mjomba wizarani amepata mahali pa kusimama. Uhakiki wa vyeti ambao matokeo yake yalitangazwa Aprili 2017 nao ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi; hakuna mwalimu wa vyuo anayeweza kulidharau hilo.

Ninachokiona ni kwamba nguvu zetu zote zimeelekezwa kwenye karatasi anazoingia nazo mtumishi kazini. Karatasi atakazoziandika yeye mwenyewe, akishaingia, kwa miaka thelathini na zaidi, hazina nafasi katika mitaala yetu. Nimepitia mitihani ya idara yetu ya miaka kadhaa, na sikuona swali hata moja linalomtaka mwanafunzi aandike dokezo, lile andiko fupi la ndani ya ofisi ambalo mtumishi humpelekea mkubwa wake. Tena tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza, ilhali barua, madokezo na mihtasari ya halmashauri huandikwa kwa Kiswahili. Mhitimu anaweza kumaliza shahada ya utawala wa umma bila kuwahi kuandika ukurasa mmoja wa aina ambayo ataiandika kila siku ya maisha yake ya kazi.

Oktoba 1966

Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu tukio la Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango uliowataka wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili, ambapo kwa miezi 18 wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hoja yao moja ilikuwa kali: kwa nini wajitolee wao, wakati viongozi wanalipwa mishahara minono? Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha pamoja na masharti yake ya uongozi.

Kwa muda mrefu nililisimulia tukio hilo kama somo la kujitolea. Baada ya safari ile ya kijijini nimeanza kulitazama kwa namna nyingine.

Ubishi wa siku ile, kwa pande zote mbili, ulihusu nia: nani yuko tayari kujinyima kwa ajili ya nchi, nani hayuko tayari. Na miaka yote iliyofuata tumeendelea na ubishi huo huo. JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994, ikarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na kila vijana wanapozungumziwa katika utumishi wa umma neno linalotangulia ni uzalendo. Tukiona mtumishi amefanya vibaya tunasema amekosa uzalendo, kisha tunapendekeza semina ya uzalendo.

Mwanafunzi wangu hakukosa uzalendo. Alipitia JKT. Alikuwa akifika ofisini kabla ya mtendaji, akifagia, akiwapokea wazee kwa adabu, na kilichomkosesha raha ni huo huo upendo wake kwa kijiji kile ambacho si chake. Nia alikuwa nayo tele. Alichokosa ni namna ya kufanya jambo lililo sawa akiwa ndani ya ofisi, chini ya mkubwa wake, kwa kalamu na karatasi alizonazo, siku ile ile.

Ujuzi huo unafundishika. Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Dokezo

Nilimtafuta mzee mmoja aliyestaafu, aliyewahi kuwa afisa tawala katika mikoa kadhaa. Alisoma Mzumbe zama za IDM (Institute of Development Management), baada ya chuo kile kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa kuunganishwa na taasisi nyingine mwaka 1972. Nilimweleza kisa chote bila kutaja kijiji. Hakushangaa. Aliomba karatasi, akapiga mstari wa pambizo kwa rula, akaanza kuandika kwa mwandiko wa watu waliofanya kazi kabla ya kompyuta:

"1. Tafadhali rejea maagizo ya mdomo uliyonipatia leo asubuhi kuhusu muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

2. Mkutano tajwa uliahirishwa kwa kukosa akidi. Nimeandaa muhtasari unaoonesha hivyo, pamoja na majina ya waliohudhuria.

3. Napendekeza mkutano uitishwe upya ndani ya wiki mbili ili taarifa ya mapato na matumizi isomwe kabla ya mwisho wa robo. Rasimu ya tangazo imeambatishwa.

4. Naomba maelekezo yako."

Kisha akanisukumia karatasi. "Hapo hujakataa, na hujadanganya," alisema. "Umempa mkubwa wako njia ya kutokea. Akitaka kukuagiza vingine, na aandike."

Niliisoma mara kadhaa. Kila aya ina kazi yake. Ya kwanza inaligeuza agizo la mdomo kuwa la maandishi bila kumshitaki mtu. Ya pili inaeleza ukweli na kuonesha kuwa kazi imefanyika, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kijana amegoma. Ya tatu inaangalia shida halisi ya mtendaji, ile ya tarehe, na kumpa suluhisho ambalo amekwisha kuliandalia rasimu. Ya nne inauacha uamuzi kwa mwenye mamlaka. Heshima yote imo, na kijiji hakijauzwa.

Mzee alinieleza pia jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa vitabu bila kulifikiria. Folio, yaani kila karatasi iliyomo ndani ya jalada, hupewa namba kwa mfuatano, ili moja ikichomolewa pengo lionekane. Kwake yeye namba hizo zilikuwa ulinzi wa mtu mdogo. Alisema kwamba katika maisha yake ya kazi hakuwahi kushinda mabishano na mkuu yeyote kwa maneno, lakini mara kadhaa mambo mabaya yalikoma kimya kimya kwa sababu tu dokezo lilikuwa limekwisha kuingia jaladani na namba yake.

Taasisi nyingi sasa zinatumia e-Ofisi, mfumo wa serikali wa majalada ya kompyuta, na jalada la kompyuta linaonesha nani alilipokea na nani alilipeleka mbele. Wakati huo huo maagizo yamehamia kwenye simu na ujumbe wa sauti. Kijana anayeajiriwa leo atapokea maagizo mengi zaidi yasiyo na folio kuliko mzee yule alivyowahi kupokea, na kwenye ofisi za vijiji bado tegemeo ni lile kabati la chuma.

Miezi 12 ya majaribio

Niliporudi chuoni nikiwa na karatasi ile, nilimwonesha mwalimu mwenzangu, mama ambaye nauheshimu sana uamuzi wake. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza swali ambalo bado sijalimaliza.

"Unamfundisha mtoto wa watu kuandika dokezo hili. Akiajiriwa, yuko kwenye majaribio miezi 12. Anayependekeza athibitishwe au asithibitishwe ni nani?"

Ni yule yule anayeandikiwa dokezo.

Akaongeza kwamba sisi walimu tunakaa mbali na matokeo. Mhitimu wetu amesomeshwa kwa mkopo, ana wadogo zake wanaomtegemea, amesubiri ajira miaka mitatu au minne. Tukimtuma kwa ujasiri ambao wenyewe hatujaupima, atakayelipa ni yeye. Nilimkumbusha kwamba ipo Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015. Alinijibu kwamba sheria hiyo ina maana kubwa kwa anayepeleka taarifa ya rushwa kwenye chombo husika, lakini mtumishi mpya anayepangiwa kazi za kuchosha, anayeachwa nje ya semina na safari, ambaye fomu zake zinachelewa mezani kwa miezi, hana mahali pa kupeleka ushahidi wake.

Sina jibu linaloiondoa hoja yake. Ninaloweza kusema ni kwamba upande wa pili nao una gharama, na gharama hiyo mara nyingi huangukia mtu wa chini. Siku muhtasari wa uongo utakapofukuliwa, na mkaguzi akauliza nani aliuandika, mwandiko utakuwa wa kijana, saini ya kuandaa itakuwa ya kijana, na maneno ya mdomo yatakuwa yamepotelea hewani. Mkubwa atasema hakumbuki. Pengine atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo dokezo linamweka kijana hatarini mapema, na ukimya unamweka hatarini baadaye. Tunapaswa kumwambia yote mawili waziwazi, kisha tumwache aamue akiwa anajua anachokiamua. Kumpeleka bila kumwambia lolote, akiwa na kanuni nane kichwani na alama nzuri kwenye cheti, ndiko kunakonitia hofu zaidi.

Tena si kila mkubwa ataona dokezo kama lile kuwa uasi. Wapo wengi wanaolisubiri. Nimekutana na wakuu wa idara wanaolalamika kwamba vijana wapya hukubali kila kitu na kutoa ushauri baada tu ya mambo kuharibika. Mkuu wa namna hiyo humthamini mtumishi anayeandika aya ya tatu, ile ya pendekezo, kwa sababu inampunguzia kazi. Labda kosa la mafunzo yetu ya maadili ni kuwazoesha wanafunzi kumfikiria mkubwa kama mla rushwa wa kwenye mifano ya vitabu, wakati anayewasubiri huko ni mtu mwema aliyechoka.

Kuhusu kijana wangu: nilimpigia simu jioni ya siku niliyoonana na mzee, nikamsomea zile aya nne, nikamweleza pia aliyoyasema mwalimu mwenzangu, nikamwambia uamuzi ni wake. Aliandika dokezo kwa maneno yake mwenyewe, mafupi kuliko ya mzee, akaliambatisha kwenye muhtasari uliosema kwamba mkutano uliahirishwa. Mtendaji alilisoma akiwa amesimama, akaliweka mezani, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Hakumgombeza, wala hakumrejea kuhusu jambo hilo. Tangazo la mkutano mpya lilibandikwa ubaoni wiki iliyofuata, lakini ni karatasi ipi iliyopelekwa wilayani kwa robo ile kijana hajui, na hakuuliza. Fomu yake ya tathmini imerudi na alama za wastani.

Muhula ujao

Nimeomba vipindi vinne katika somo langu la mwaka wa pili, kabla wanafunzi hawajatawanyika kwenda fildi, vitengwe kwa ajili ya kuandika: dokezo, muhtasari wa kikao kilichofanyika, muhtasari wa kikao kilichoahirishwa, na barua ya kumjibu mwananchi aliyelalamika. Vyote kwa Kiswahili, vyote kwa mkono kwanza. Mzee amekubali kuja. Ameweka sharti moja tu, kwamba wanafunzi wasimpigie makofi bali kila mmoja amwoneshe alichokiandika, naye ataweka alama zake kwa kalamu.

Zoezi lenyewe litakuwa hivi: nusu ya darasa watapewa viti vya wakuu na nusu watakuwa watumishi wapya. Wakuu watatoa maagizo kwa mdomo, mengine halali kabisa, mengine ya kutatanisha, mengine mabaya, na hawataruhusiwa kusema lipi ni lipi. Nataka wale wa viti vya wakuu nao waonje kupokea dokezo lisilowafurahisha, kwa kuwa baadhi yao siku moja watakuwa wakurugenzi, na jinsi watakavyoupokea ushauri wa maandishi kutoka kwa mtu wa chini itaamua kama watu wao wataendelea kuandika.

Jambo gumu zaidi ni fomu ya tathmini. Fomu tunayowapelekea wasimamizi wa ofisini inauliza kuhusu mahudhurio, nidhamu, mavazi, ushirikiano na utii wa maelekezo. Hakuna mahali panapouliza kama mwanafunzi aliwahi kutoa ushauri wowote kwa maandishi. Nimependekeza kipengele hicho kiongezwe, na kamati ya idara italijadili mwezi ujao. Hoja ninayoitarajia ni kwamba ofisi zitaona tunawatuma wapelelezi na zitakataa kuwapokea wanafunzi wetu mwaka unaofuata. Nayo ina uzito, kwa sababu bila ofisi hizo hatuna mafunzo kwa vitendo. Ndiyo maana nimeomba kipengele kijazwe na msimamizi mwenyewe, aoneshe ushauri gani alipewa na ulimsaidia vipi katika kazi yake, na kwamba kabla ya fomu kutumwa tukutane na watendaji wa wilaya moja kwanza, tuwasikilize wao wangependa mwanafunzi awaambie nini, na kwa namna gani, pale wanapokuwa wamebanwa na tarehe.